Gesi Iliyokuja Upanga Kabla ya Kwenda Ng'ambo

Mwaka 1974 kampuni ya Kiitaliano ya AGIP ilichimba kisima Songo Songo, kisiwa cha wavuvi mbele ya pwani ya Kilwa, ikitafuta mafuta. Ikakuta gesi. Waitaliano waliipima, wakapiga hesabu, wakaona haina biashara, wakafungasha. Hesabu yao haikuwa ya ovyo. Mafuta ukiyapata unayapakia melini na kumuuzia yeyote mwenye fedha. Gesi asilia haibebeki hivyo. Inataka bomba linalofika mlangoni kwa mtumiaji, au ipozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ili igeuke kimiminika, ujazo wake upungue takriban mara 600, kisha ipakiwe kwenye meli zilizoundwa kwa kazi hiyo peke yake. Tanzania ya 1974 haikuwa na bomba wala mtambo wa kupoza. Mteja wa karibu mwenye shida ya kweli alikuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 200 kaskazini, na huko hakukuwa na mashine hata moja ya kuitumia.

Shida yenyewe ilikuwa kubwa. Baada ya vita ya Oktoba 1973 kule Mashariki ya Kati, bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne ndani ya miezi michache, na nchi haikuwa na tone lake. Kiwanda cha TIPER kule Kigamboni, kilichofunguliwa mwaka 1966 kwa ubia na Waitaliano haohao, kilisafisha mafuta ghafi yaliyoagizwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilitoka kwenye kahawa, pamba, katani na korosho. Kila pipa lilipopanda bei, mkulima wa Kagera na wa Newala alilipia.

Upanga, mtaa wa Dar es Salaam, iliyaona hayo kwa namna yake. Ghorofa fupi na nyumba za safu za mtaa huu zilijengwa kwa wingi miaka ya 1950 na 1960, nyingi na jumuiya za Waasia waliokuwa na maduka Kariakoo na katikati ya mji. Aprili 1971 Serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Maofisa wa wizara na wa mashirika ya umma wakahamia kwenye fleti za familia zilizokuwa zikifungasha kwenda Uingereza na Kanada, na waliobaki wakagawana na wageni wao ngazi, matanki ya maji na mlango wa kuingilia. Hawa walikuwa watu wenye magari. Serikali ilipopiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kubana matumizi ya petroli, Barabara ya Upanga, ambayo leo ni Ali Hassan Mwinyi, ilibaki ya waenda kwa miguu na baiskeli hadi daraja la Salenda. Kwa Mtanzania wa miaka ile, usalama wa nishati ulikuwa na maana moja tu: meli ya mafuta imeingia bandarini au haijaingia.

Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, liliundwa mwaka 1969 na kuanza kazi 1973. Lilikuwa shirika changa, lenye wajiolojia wa kuhesabika na fedha kidogo. Waitaliano walipoiacha Songo Songo, TPDC halikuiacha. Kati ya 1976 na 1983 lilichimba visima vingine kwa mikopo, katika nchi ambayo dukani hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, na likathibitisha kwamba gesi ipo ya kutosha kuendesha mitambo kwa miaka mingi. Mwaka 1982 AGIP ilikuta gesi tena, safari hii Mnazi Bay, karibu na Msimbati mkoani Mtwara, na ikaondoka tena. Katika historia hii yote, uamuzi ninaouheshimu kuliko mwingine wowote ni huo wa wataalamu wa TPDC waliokataa kuamini kwamba kitu kisicho na mnunuzi leo hakina thamani.

Wazo la kwanza la kuifanyia biashara gesi hiyo lilikuwa kuiuza nje, lakini si kama gesi. Miaka ya 1980 ilianzishwa KILAMCO, kampuni ya amonia ya Kilwa, kwa ubia wa TPDC na kampuni ya Kimarekani ya Agrico. Gesi ingevushwa hadi bara, igeuzwe amonia na mbolea ya urea, na mbolea ipakiwe meli kwenda soko la dunia. Ramani zilichorwa, wenyeji wa Kilwa Masoko waliambiwa juu ya ajira. Kisha bei ya mbolea duniani ikaanguka, wenye mitaji wakajiondoa, na kiwanda hakikujengwa.

Hapo ndipo Tanzania ilipouona kwa mara ya kwanza upande wa pili wa usalama wa nishati. Mnunuzi huogopa kukosa. Muuzaji naye ana hofu yake: kuwekeza mabilioni, kisha mnunuzi aondoke au bei ianguke akiwa amekwisha kujenga. Nchi tajiri zinapoutaja usalama wa nishati, mara nyingi huwa zinaitaja hofu ya kwanza. Hii ya pili ndiyo iliyotawala meza zetu za mazungumzo kwa miaka 40, na bila kuielewa mtu hawezi kuelewa kwa nini gesi nyingi kiasi hiki imekaa chini muda mrefu kiasi hiki.

Wakati KILAMCO inakufa, umeme wa nchi ulikuwa umekabidhiwa maji. Kituo cha umeme wa maji cha Hale kilikuwapo tangu miaka ya 60. Kidatu ikajengwa kwa awamu mbili hadi kufikia megawati 204. Mtera ikaongezwa 1988, Pangani mpya 1995, Kihansi mwaka 2000. Mvua ikinyesha vizuri kule Iringa na Mbeya, taa za Dar es Salaam ziliwaka kwa bei nafuu. Isiponyesha, kulikuwa na neno moja tu mjini: mgao. Mwanzoni mwa miaka ya 90 mgao ulikuwa mkali kiasi kwamba Serikali ilinunua kwa dharura mitambo ya kuweka Ubungo, ikaichomea mafuta ya ndege, huku gesi ya Songo Songo ikiwa imelala chini ya bahari umbali wa mwendo wa siku moja kwa basi la Kilwa. Mitambo hiyohiyo ndiyo iliyokuja kugeuzwa itumie gesi.

Kwa nini gesi haikuletwa mara moja? Mpango ulikuwepo. Kampuni za Kikanada, Ocelot na TransCanada, zilichaguliwa kuuendesha, kampuni ya Songas ikaundwa 1995, na Benki ya Dunia ikawa tayari kukopesha. Mwaka huohuo Serikali ikasaini mkataba mwingine na IPTL, wa mitambo ya megawati 100 huko Tegeta, itumiayo mafuta mazito yanayoagizwa kutoka nje. Ugomvi juu ya gharama za IPTL ukafika kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa, na Benki ya Dunia ikakataa kusonga mbele na Songas mpaka suala hilo liishe. Mikataba ya Songas ilikamilika Oktoba 2001. Kwa hiyo miaka kama sita ilipotea nchi ikibishana kama inunue mafuta ya watu au itumie gesi yake, na gharama ya miaka hiyo ilikuwa kwenye kila bili ya TANESCO, shirika la umeme, iliyopitishwa chini ya mlango wa fleti za Upanga.

Gesi ilifika Julai 2004. Kilomita 25 za bomba chini ya bahari kutoka kisiwani hadi Somanga, kisha kilomita 207 nchi kavu kupita Rufiji na Mkuranga hadi Ubungo, pamoja na mchepuko wa kwenda kiwanda cha saruji cha Wazo. Ilikuwa miaka 30 tangu kile kisima cha Waitaliano. Ubungo ikawa na uwezo wa megawati 190 hivi kwa gesi, na umeme wake ukapita vituo vya kupozea kuja Upanga, Kariakoo, Muhimbili. Mtu wa Upanga hakuona chochote kipya. Hakuna bomba lililoingia jikoni kwake, na mtungi wa gesi anaopandishiwa ngazi na kijana wa dukani hauna uhusiano na Songo Songo: ile ni propani na butani, huagizwa kwa meli kama petroli. Mpaka leo watu wengi huchanganya hizi gesi mbili, na wanasiasa wachache huwasahihisha. Gesi yetu ilikuja Upanga imevaa umeme, ikawa ndani ya feni, friji na pampu ya maji.

Nasema pampu kwa makusudi. Mwaka 2006, baada ya ukame wa miaka mitatu, maji ya Mtera yalishuka chini ya mita 690, kiwango cha chini kinachoruhusiwa, na mgao ukarudi kwa nguvu zote. Katika ghorofa za Upanga umeme ukikatika mchana maji nayo hayapandi, kwa sababu mota iliyopo chini ndiyo inayoyasukuma hadi simtanki za juu ya paa. Saa tisa alasiri ungekuta akina mama wa ghorofa ya tatu wameshusha ndoo kwenye bomba la uani, watoto wamevaa sare za Zanaki na Azania wakisaidia kubeba, na mzee mwenye matatizo ya moyo amekaa kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza akivuta pumzi kabla ya kuendelea. Kariakoo ilikuwa na kelele zake. Mtaa wa Kongo na Mtaa wa Swahili kila duka lililojiweza lilikuwa na kijenereta cha petroli mbele ya mlango, kimefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo kisiibiwe, bomba lake la moshi likielekea usoni mwa wapita njia. Fundi cherehani aliyekosa jenereta alirudi kwenye cherehani ya kukanyaga. Mwenye saluni alifanya kazi usiku wa manane umeme uliporudi. Ni nani aliyewahi kuihesabu hasara ya watu hao?

Hivyo gesi ilikuwapo, bomba lilikuwapo, na bado taa zilizimika. Sababu ni rahisi kuielewa sasa: gesi iliyofika ilitosha mitambo iliyokuwapo, na mitambo iliyokuwapo haikutosha mji. Pengo likajazwa kwa mikataba ya dharura. Mmoja wao, wa kampuni ya Richmond, ulisainiwa mwaka 2006 kwa megawati 100 ambazo kampuni hiyo haikuzileta. Kamati teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe iliuchunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Sijui nchi nyingine ya jirani ambako umeme uliwahi kumng'oa Waziri Mkuu. Kwa watu waliokuwa wakibeba ndoo, ile haikuwa habari ya siasa za mbali.

Kisha bahari kuu ikafunguka. Mwaka 2010 kampuni za Ophir na BG zilikuta gesi kwenye kisima zilichokiita Pweza. Kufikia 2015 ramani ya bahari ya kusini ilikuwa imejaa majina ya sokoni: Chewa, Jodari, Papa, Mkizi na Ngisi upande wa BG, Zafarani, Lavani, Tangawizi, Piri na Giligiliani upande wa Statoil ya Norway na mwenzake ExxonMobil. Zafarani iko chini ya maji yenye kina kinachozidi mita 2,000. Makadirio ya gesi yote nchini yakafika futi za ujazo trilioni 57.54, na zaidi ya trilioni 47 kati ya hizo ziko bahari kuu. Magazeti yakaanza kuandika juu ya Qatar ya Afrika Mashariki.

Kabla hata tone la gesi hiyo halijapanda juu, Mtwara iliwaka moto. Serikali ya Rais Jakaya Kikwete ilikuwa imeamua kujenga bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, kwa mkopo wa dola bilioni 1.225 kutoka Benki ya Exim ya China. Novemba 2012 ujenzi ukazinduliwa Kinyerezi, Dar es Salaam. Mwezi uliofuata watu wa Mtwara waliandamana, na wito wao ulikuwa mfupi: gesi haitoki. Januari 2013 ghasia zikasambaa hadi Masasi, nyumba na ofisi zikachomwa, watu wakafa. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda kuwasikiliza. Mei, siku hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, ghasia zikarudi, na safari hii jeshi likapelekwa.

Dar es Salaam iliwaona watu wa Mtwara kama wachoyo. Naona hukumu hiyo haikuwa ya haki. Kusini ilikuwa na kumbukumbu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walijenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga. Mradi ulipokufa reli nayo iling'olewa, mwanzoni mwa miaka ya 60. Barabara ya kwenda Lindi ilikatika kila masika, na daraja la Rufiji lilipatikana mwaka 2003 tu. Korosho zilitoka Kusini, fedha zikabaki kwingine. Mtu mwenye historia hiyo akiambiwa kwamba mali iliyo chini ya miguu yake itasafiri kilomita 500 kwenda kuwasha viyoyozi vya mji wa bandari, ana haki ya kuuliza yeye atabaki na nini. Serikali ilijibu kwamba gesi ni mali ya taifa zima, na hilo ni kweli kisheria. Lakini usalama wa nishati wa nchi haukamiliki ikiwa bomba lake linapita katikati ya watu wasiolitaka, na hakuna ulinzi wa askari unaotosha kilomita zote hizo usiku na mchana.

Bomba lilikamilika 2015. Kipenyo inchi 36, urefu wa kilomita 542 pamoja na matawi yake, viwanda vya kusafishia gesi Madimba na Songo Songo. Na lilifika kwa wakati wa ajabu: Oktoba mwaka huo mabwawa yalikauka kiasi kwamba TANESCO ilizima mitambo ya maji, na gesi ya Mnazi Bay, ile iliyoachwa na Waitaliano 1982, ndiyo iliyoshika zamu kupitia mitambo mipya ya Kinyerezi. Ukame wa aina ile mwaka 2006 ulituzimia nchi. Wa 2015 ulitupata na gesi mkononi. Katika miaka iliyofuata zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya taifa ulitoka kwenye gesi. Huu ndio ushindi mkubwa wa gesi yetu, na haukuhitaji meli hata moja ya kuuza nje.

Hata hivyo bomba hilo lilijengwa kwa matumaini makubwa kuliko Mnazi Bay. Linaweza kubeba futi za ujazo milioni 784 kwa siku, na kwa miaka yote limebeba sehemu tu ya kiasi hicho. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya gesi ya bahari kuu, na gesi ya bahari kuu haiji yenyewe. Kuchimba chini ya maji ya kilomita mbili na kujenga mtambo wa kuipoza kunagharimu fedha ambazo soko la Tanzania peke yake haliwezi kuzilipa. Makadirio ya karibuni ya mradi wa kupoza gesi hiyo huko Lindi yamefika dola bilioni 42. Benki hazikopeshi kiasi hicho bila kuona mikataba ya wanunuzi wa miaka 20 wa Japani, India au Ulaya. Kwa hiyo gesi ya kuwasha Kariakoo, kama itatoka bahari kuu, itatoka kwa sababu mtu wa Tokyo amekubali kununua iliyo nyingi zaidi. Huo ndio ukweli mgumu wa nchi inayotaka kuuza, na nadhani umma haujaelezwa vya kutosha.

Sera ya Gesi Asilia ya mwaka 2013 inasema soko la ndani ndilo la kwanza. Ni msimamo mzuri. Walioandika walikuwa na mifano ya kutazama, na mmoja ni wa ndugu zetu wenyewe. Oman, ambako maelfu ya watu bado huzungumza Kiswahili nyumbani kwa sababu wao au wazazi wao walizaliwa Unguja na Pemba, ilijenga mtambo wa kupoza gesi Qalhat, karibu na Sur, bandari ambayo majahazi yake yalizoea kuja kwetu na kaskazi. Shehena ya kwanza iliondoka mwaka 2000. Muda si mrefu umeme, maji ya kusafishwa chumvi na viwanda vya Sohar vikahitaji gesi kuliko ilivyotarajiwa, huku ile iliyokwisha kuuzwa ikiwa na wenyewe kwa mikataba ya muda mrefu. Kufikia 2008 Oman ilikuwa inaagiza gesi ya Qatar kwa bomba, na wakati huohuo inapakia yake melini. Ilipumua baada ya eneo kubwa la gesi la Khazzan kuanza kuzalisha 2017.

Misri iliumia zaidi. Ilianza kuuza gesi ya kupozwa mwaka 2005. Baada ya 2011 uzalishaji ulishuka na umeme ukawa wa mgao Cairo, Serikali ikaielekeza gesi nyumbani, mtambo wa Damietta ukasimama mwaka 2012. Mwaka 2015 Misri ikawa inanunua gesi kwa meli. Na kwa kuinyima gesi kampuni iliyokuwa na haki ya kuipata Damietta, baraza la usuluhishi liliiamuru mwaka 2018 ilipe zaidi ya dola bilioni 2. Yaani wananchi walikaa gizani, na bado nchi ikadaiwa kwa kujaribu kuwawashia taa. Anayedhani kifungu cha gesi ya ndani ni pambo la mkataba aisome kesi hiyo.

Mradi wa Lindi wenyewe umepita mawimbi mengi. Zaidi ya hekta 2,000 zilitengwa Likong'o, na wakazi wake wakasubiri fidia kwa miaka, wasijue kama wapande minazi mipya au wasipande. Shell iliinunua BG mwaka 2016. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria za umiliki wa rasilimali za asili, zinazotaka migogoro iamuliwe nchini; kampuni zikasita, na mazungumzo yakasimama. Januari 2021 Equinor, jina jipya la Statoil, ikafuta kwenye vitabu vyake thamani ya dola milioni 982 kwa sababu ya mradi huo. Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ikayafufua mazungumzo. Juni 2022, miezi michache baada ya Urusi kuivamia Ukraine na Ulaya kuanza kuhangaika kutafuta gesi kila pembe ya dunia, makubaliano ya awali ya Mkataba wa Nchi Hodhi yalisainiwa. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba mazungumzo yamekamilika. Saini ya mwisho haikufuata.

Wako wanaosema tumechelewa, na wanatutazamisha Msumbiji, ambayo ilikuta gesi yake miaka ileile na kusafirisha shehena ya kwanza Novemba 2022. Ni kweli. Lakini shehena ile ilitoka kwenye mtambo unaoelea baharini, mbali na nchi kavu, kwa sababu nchi kavu ya Cabo Delgado ilikuwa vitani. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, watu wengi wakauawa, na mwezi uliofuata TotalEnergies ikasimamisha mradi wake. Palma haiko mbali na Mtwara. Familia za Kimakonde ziko pande zote mbili za Ruvuma, na wakimbizi walivuka mto wakija kwetu. Kwangu mimi kuchelewa kuna gharama, ila si kubwa kuliko ya kuujenga mradi wa mabilioni katikati ya watu waliochoka kusubiri haki yao.

Wakati huohuo nyumbani mambo yamegeuka. Mwaka 2022 petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, na Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Madereva wa bajaji wa Muhimbili na Kariakoo walifanya hesabu zao wenyewe: wakafunga mitungi ya gesi asilia nyuma ya kiti cha abiria, wakaanza kupanga foleni kwenye vituo vichache vya kujazia, wengine tangu alfajiri. Mwaka 2025 TPDC ilifungua kituo mama kwenye Barabara ya Sam Nujoma ili kupunguza foleni hizo. Bajaji ikisimama leo mbele ya lango la hospitali imebeba gesi ya kusini ikiwa gesi, haijapita kwenye waya. Kila lita ya petroli isiyoagizwa ni dola iliyobaki nchini, na hesabu hiyo ilifanywa na vijana wa kijiweni kabla ya wizara kuipigia mbiu.

Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji liliwasha mtambo wa kwanza Februari 2024 na wa tisa, wa mwisho, Aprili 2025: megawati 2,115 kwa jumla. Mgao wa 2022 na 2023 ukaisha. Mkataba wa miaka 20 wa Songas kuiuzia TANESCO umeme ulifika mwisho 2024, ukaachwa hivyo, na mitambo ya Ubungo ikanyamaza. Kuna wanaoona kwamba maji yameimaliza kazi ya gesi. Nawaomba waikumbuke Mtera ya 2006 na Oktoba ya 2015. Rufiji nayo ni mto, na mto hutegemea mvua.

Leseni ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, kwa hiyo ukomo wake ni Oktoba 2026. Visima vyake vimezeeka, na Mnazi Bay si kubwa kiasi cha kubeba mji unaokua hivi. Watakaokaa mezani kwa ajili ya Lindi wanahitaji kurudi na mkataba unaotaja kwa tarakimu ni futi ngapi za ujazo kwa siku zitakabidhiwa kwa matumizi ya ndani, kwa bei gani, kuanzia mwaka gani, na nani atalipa zikikosekana. Watu wa Likong'o na Msimbati wanahitaji kuviona vifungu hivyo kabla ya kusainiwa. Bomba la kuileta gesi hiyo Dar es Salaam limekwisha kujengwa, deni lake linalipwa, na sehemu kubwa ya nafasi iliyomo ndani yake haijawahi kutumika.